Eldaberi: Tunda la Mafua Linalotaka Moto Kwanza

Mabibi na mabwana, ndugu wasikilizaji,

Mada ya leo ni eldaberi, yale matunda madogo meusi ambayo siku hizi yanauzwa kama shira, kapsuli, unga, chai na hata peremende laini za kutafuna, yote kwa ahadi ya kupambana na mafua. Najua swali mlilokuja nalo: je, inafanya kazi? Nitalijibu. Ila lipo swali linalolitangulia, na wengi hulirukia: ulichonacho mkononi ni sehemu gani ya mmea, na kimepitia moto kiasi gani? Mti mmoja huu huu una ua linaloweza kunywewa kama chai, tunda linalofaa likiiva na kupikwa, na majani, vijiti, magome na mizizi ambayo haifai kuingia mdomoni kabisa.

Tuanze na mti wenyewe. Jina eldaberi linabeba matunda ya miti kadhaa ya jenasi Sambucus. Inayotumika zaidi kutengeneza dawa ni Sambucus nigra, mti wa Ulaya, na ndugu yake wa karibu wa Amerika Kaskazini, Sambucus canadensis. Majani yake yamegawanyika vijani, mara nyingi vitano hadi saba, na hukaa kwenye tawi yakitazamana mawili mawili. Maua ni meupe kama maziwa, yamejipanga kama sinia bapa, na matunda yanayofuata huning'inia katika vishada vilivyotawanyika kama mwavuli uliogeuzwa. Ukilikata tawi utakuta kiini cheupe, laini kama sponji. Wapo ndugu wawili wa kukaa nao mbali: Sambucus racemosa wenye matunda mekundu, na Sambucus ebulus, mmea mfupi unaokufa juu ya ardhi kila mwaka, ambao una sumu zaidi ingawa matunda yake ni meusi vilevile. Hapo ndipo anayechuma porini hukosea. Kosa lingine ni kuuchanganya na Phytolacca americana, mmea wenye sumu ambao matunda yake meusi hupangana kwenye mkia mmoja mrefu, juu ya shina nene lenye rangi ya zambarau. Eldaberi haina mkia wa namna hiyo. Usiyeweza kutofautisha haya kwa macho, nunua matunda yaliyokaushwa kwa muuzaji anayeandika jina la kisayansi kwenye pakiti.

Sasa sumu yenyewe. Ndani ya mti huu, yaani elda, kuna kemikali za kundi la glikosidi zinazoweza kuzaa sianidi, sumu kali. Ile mashuhuri inaitwa sambunigrini. Ikiwa imetulia ndani ya seli za mmea, haina fujo. Mmea una pia kimeng'enya, protini inayovunja kemikali hiyo, kilichowekwa chumba cha pili, tuseme hivyo. Ukiponda jani, ukitafuna mbegu au ukisaga tunda bichi kwenye blenda, kuta za vyumba hivyo zinabomoka, kimeng'enya kinakutana na glikosidi, na sianidi inaachiliwa. Kwa mmea hii ni silaha dhidi ya wadudu na wanyama. Kwa binadamu matokeo yake ni kichefuchefu, kutapika, tumbo kukata na kizunguzungu, na kiasi kikiwa kikubwa hatari huongezeka. Majani, vijiti na matunda mabichi ya kijani ndiyo yenye kiasi kikubwa. Nyama na maji ya tunda lililoiva yana kidogo, lakini mbegu zake bado zinacho.

Mfano unaotajwa mara nyingi ulitokea California, Marekani, Agosti 1983. Watu 25 walikuwa wamekusanyika mahali pa mbali katika eneo la Monterey. Juisi ya elda iliandaliwa siku mbili kabla: matunda yalipondwa kwenye shinikizo pamoja na majani na matawi yake, yakachanganywa na juisi ya tufaha, maji na sukari. Haikuchemshwa. Ndani ya dakika 15 tangu wanywe, watu 11 walianza kutapika, na wanane walisafirishwa kwa helikopta hadi hospitali. Aliyekuwa amekunywa glasi tano alilazwa. Wote walipona. Angalieni kilichokosewa pale: majani na matawi hayakutolewa, kila kitu kikapondwa kibichi, na moto haukuwashwa. Makosa matatu katika chombo kimoja, na lolote kati ya hayo lingetosha kumharibia mtu siku.

Wahenga walisema dawa ya moto ni moto. Dawa ya eldaberi pia ni moto. Joto huvunja glikosidi na kuharibu kimeng'enya, na sianidi iliyokwisha kuachiliwa huchemka kwenye nyuzijoto 26 hivi za Selsiasi, kwa hiyo hupanda na mvuke na kuondoka sufuriani. Ndiyo maana sufuria hii haifunikwi, na dirisha la jikoni hubaki wazi.

Turudi kwenye lile swali la kama inafanya kazi. Tunda hili lina rangi za kundi la anthosianini, ndizo zinazolipa weusi wake. Kwenye vyombo vya maabara, dondoo ya eldaberi, yaani kiini kilichokamuliwa kutoka kwenye tunda, imeonekana kushikamana na protini ambayo virusi vya influenza, ile homa kali ya mafua, huitumia kuingia kwenye seli. Habari nzuri, lakini chombo cha maabara hakina tumbo wala ini. Anthosianini nyingi tunazokula hazifiki kwenye damu zikiwa nzima, na zile zinazofika huondoka kwa mkojo ndani ya saa chache. Kwa hiyo tuwaangalie watu.

Jaribio lililoipa eldaberi jina lilifanyika Norway na kuchapishwa 2004. Watu 60 waliokuwa na dalili za influenza kwa muda usiozidi saa 48 waligawanywa: nusu walipewa shira ya eldaberi mililita 15 mara nne kwa siku kwa siku tano, nusu shira isiyo na dawa. Waliopata eldaberi walipata nafuu wastani wa siku nne mapema. Mwaka 2016 likachapishwa jaribio la wasafiri 312 waliopanda ndege kutoka Australia, wakimeza kapsuli za miligramu 300 za dondoo, mbili kwa siku kabla ya safari na tatu wakati wa safari. Idadi ya waliougua mafua haikutofautiana kwa maana ya kitakwimu: 12 kwa waliomeza eldaberi, 17 kwa waliomeza kapsuli zisizo na dawa. Tofauti ilikuwa kwenye muda, kwa sababu jumla ya siku za kuugua ilikuwa 57 kwa waliomeza eldaberi na 117 kwa wale wengine. Halafu mwaka 2020 likaja jaribio la Marekani la wagonjwa 87 waliothibitishwa kwa kipimo kuwa na influenza. Hapo eldaberi haikuonyesha faida yoyote, na miongoni mwa wasiotumia oseltamivir, dawa ya virusi vya influenza, waliokunywa eldaberi walichelewa kupona kwa siku kama mbili kuliko waliokunywa shira tupu. Kundi hilo dogo lilikuwa na watu wachache, kwa hiyo tusijenge nyumba juu yake. Lakini aliyezoea kuwasomea watu matokeo ya Norway peke yake anapaswa kuwasomea na haya.

Nikiyapima yote pamoja, msimamo wangu ni huu: inawezekana eldaberi ikapunguza siku za mafua ya kawaida ikianzwa mapema, hakuna ushahidi wa kutosha kwamba inazuia kuugua, na haichukui nafasi ya dawa ya influenza wala chanjo. Kwa moyo, majibu ni mepesi zaidi. Wanawake 52 waliokoma hedhi walishiriki jaribio la wiki 12 la miligramu 500 za anthosianini za eldaberi kwa siku, na viashiria vya ugonjwa wa moyo havikubadilika. Ini na figo zao hazikudhurika pia, na hilo ni jambo la kushukuru. Kuhusu UVIKO-19 hakuna uthibitisho wowote kwamba inatibu.

Anayekusudia kupika nyumbani afuate mwendo huu. Tenga matunda na vijiti vyake kabisa, hadi vile vinyuzi vidogo vya kishada. Kazi hii inachosha, na ndiyo watu huifanyia ujanja. Njia rahisi ni kuviweka vishada kwenye friza usiku mzima. Asubuhi matunda yaliyoganda hudondoka ukiyasugua kidogo kwa vidole. Yatie kwenye beseni la maji: majani, vijiti na mengi ya matunda yasiyoiva huelea, nawe unaviengua. Yale ya kijani na yenye wekundu yatupe, hata kama yamebaki mawili matatu. Vaa nguo usiyoionea huruma, maana rangi hii ikishika kitambaa haitoki.

Kwa gramu 500 za matunda mabivu, au gramu 120 za makavu, weka lita moja ya maji. Chemsha hadi itokote sawasawa, kisha punguza moto iendelee kutokota polepole dakika 30 hadi 40, bila kifuniko. Usiponde chochote kabla ya hapo. Baada ya muda huo ponda kwa mwiko, acha dakika tano zaidi motoni, halafu chuja kwa kitambaa safi na utupe machicha pamoja na mbegu zake. Blenda ikae kabatini mpaka mbegu zimeshatoka. Blenda husaga mbegu, na mbegu ndicho kitu tunachotaka kibaki kizima hadi kitupwe. Utapata mililita 600 hivi, zaidi au pungufu kwa kadiri ya moto. Hapa kuna mvutano wa kweli: anthosianini nazo huharibika kwa joto la muda mrefu, kwa hiyo anayechemsha saa tatu ili iwe nzito kama lami anapata sukari nyeusi yenye faida kidogo. Vitamini C nayo, ambayo ni miligramu 36 hivi kwa gramu 100 za tunda lisilopikwa, hupungua sana motoni. Usiihesabu.

Shira ikishapoa hadi uvuguvugu, changanya mililita 250 za asali, au sukari kwa kadiri ya ladha. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja hapewi kitu chenye asali hata tone, kwa sababu asali inaweza kubeba mbegu za bakteria wa botulizimu ambazo utumbo wa mtoto mchanga hauwezi kuzidhibiti.

Na hapo hapo kwenye botulizimu ndipo penye kosa la kuhifadhi. Watu huijaza shira ya moto kwenye chupa, huifunga kwa nguvu na kuiweka rafuni, kama wafanyavyo kwa jemu. Jemu nyingi hulindwa na ukali wa tunda. Bakteria Clostridium botulinum hashindwi kuota mpaka pH, kipimo ambacho hushuka kadiri ukali wa tindikali unavyozidi, iwe 4.6 au chini yake, na eldaberi, hasa ile ya Amerika, mara nyingi iko juu ya hapo. Chupa iliyofungwa bila hewa, yenye pH ya juu na kukaa kwenye joto la chumba ni kitanda alichotandikiwa bakteria huyo, na sumu yake inaweza kuwapo bila harufu wala povu. Kijiko cha maji ya limau kilichokadiriwa kwa macho hakitoshi kukuhakikishia lolote. Weka shira kwenye friji, tumia ndani ya wiki moja, na inayobaki igandishe kwenye trei ya barafu. Kipande kimoja ni takribani mililita 15 kwenye trei ndogo. Pima ya kwako.

Kuna wanaopenda kuloweka matunda makavu kwenye pombe kali kwa wiki kadhaa. Pombe haifanyi kazi ya moto. Inavuta rangi, na inavuta glikosidi vilevile. Anayetaka njia hiyo achemshe matunda kwanza.

Kipimo cha mililita 15 mara nne kwa siku kilitoka kwenye shira ya kiwandani yenye nguvu inayojulikana. Shira yako ya nyumbani haijapimwa, kwa hiyo mililita 15 zake si sawa na mililita 15 za jaribio. Tumia kiasi hicho hicho kama ukomo wa juu kwa mtu mzima, kwa siku tano, kisha acha. Kunywa kila siku miezi mitatu mfululizo eti kujikinga ni jambo ambalo majaribio ya mafua hayakulipima. Yale yalikuwa ya siku chache hadi wiki mbili hivi.

Maua nayo yana sheria yake, rahisi zaidi. Shirika la Dawa la Ulaya linayatambua kwa matumizi ya jadi ya dalili za mwanzo za mafua, kwa watu wazima na vijana wa kuanzia miaka 12: gramu 2 hadi 5 za maua makavu kwenye mililita 150 za maji yanayochemka, mara tatu kwa siku, ikinywewa moto. Wiki ikipita bila nafuu, umuone daktari. Kwa tunda, shirika hilo halikufikia hatua ya kutoa mwongozo wa aina hiyo, na wauzaji wa shira hawalitaji sana jambo hili.

Wengi wenu hamtapika, mtanunua. Basi someni lebo. Neno la kwanza la kutafuta ni jina Sambucus nigra na sehemu iliyotumika: tunda, au ua. La pili ni kiasi cha anthosianini. Kapsuli ya miligramu 300 yenye asilimia 15 ya anthosianini inakupa miligramu 45. Hiyo ni hesabu unayoweza kulinganisha na ya chupa nyingine. Kinyume chake, lebo inayosema "sawa na miligramu 6,400 za matunda" inaweza kuwa na miligramu 100 tu za dondoo iliyotajwa kwa uwiano wa 64:1. Namba imekuwa kubwa, kapsuli ni ile ile, na huambiwi rangi ni kiasi gani. Peremende za kutafuna nazo zina sukari nyingi kuliko watu wanavyodhani, na watoto huzila kama pipi. Ziwekwe panapowekwa dawa.

Udanganyifu upo. Kwa kuwa eldaberi ni ghali na ni nyeusi, wadanganyifu huiongezea au kuibadilisha na dondoo ya mchele mweusi, ambao nao una anthosianini. Kwa jicho huwezi kujua. Maabara hujua, kwa sababu eldaberi ina anthosianini yenye sukari iitwayo sambubiosi, na mchele mweusi unajulikana kwa nyingine. Marekani, tangu sheria ya 1994, virutubisho havihitaji kibali cha serikali kabla ya kuuzwa, kwa hiyo alama ya mpimaji huru kama USP au NSF kwenye chupa ina uzito kuliko picha ya matunda yanayong'aa.

Sasa wale wasiopaswa kuigusa bila kuzungumza na daktari au mfamasia. Wa kwanza ni wanaotumia dawa za kupunguza kinga ya mwili: waliopandikizwa kiungo, wenye lupasi, wenye baridi yabisi, wanaomeza prednisolone, tacrolimus, methotrexate na jamaa zake. Katika maabara eldaberi imeonekana kuamsha ishara za kinga, na mtu anayelipia dawa ili kinga yake itulie hana sababu ya kuijaribu. Kutokana na matokeo hayo hayo ya maabara, wengine wamevumisha kwamba eldaberi husababisha kinga kulipuka na kuua mgonjwa. Hilo halijaonekana kwa watu, na si haki kulitangaza kama jambo lililothibitishwa.

Wenye kisukari wana mambo mawili ya kuangalia kwa pamoja: dondoo inaweza kuongezea nguvu dawa za kushusha sukari, na shira yenyewe imejaa sukari. Wanaotumia dawa za kukojosha au za kulainisha choo wanaweza kupoteza maji zaidi. Walio kwenye matibabu ya saratani wamuulize daktari wao kila kidonge. Imeripotiwa kesi ya mgonjwa aliyekuwa akitumia pazopanib, dawa ya saratani, ambaye ini lake lilidhurika alipoichanganya na eldaberi. Kwa wajawazito na wanaonyonyesha hakuna data ya kutosha, na mafua si ugonjwa wa kumfanya mjamzito akubali kubahatisha.

Hatari ambayo haiandikwi kwenye lebo yoyote ni kuchelewa. Dawa za virusi vya influenza hufanya kazi vizuri zikianzwa ndani ya saa 48. Mzee, mwenye pumu, mwenye ugonjwa wa moyo au mjamzito anayezitumia saa hizo 48 akingoja shira ifanye kazi ameupoteza muda huo, hata kama shira ilikuwa safi na imepikwa vizuri. Kupumua kwa shida, kifua kubana, homa iliyoshuka kisha ikarudi juu: hapo kijiko kinawekwa chini.

Na ikitokea mtu, mara nyingi mtoto, amekula matunda yasiyopikwa au amekunywa juisi isiyopikwa? Matunda mabivu machache humalizikia kwenye tumbo kuvurugika, lakini piga simu kituo cha sumu au hospitali hata hivyo, useme uzito wa mtu, saa aliyokula na kama kulikuwa na majani. Usimtapishe kwa nguvu. Akilegea, akichanganyikiwa, akihema kwa taabu au akipata degedege, apelekwe hospitali mara moja. Huko wanaweza kuwa na haidroksokobalamini, dawa inayoishika sianidi na kuitoa kwa mkojo. Chukua chupa iliyobaki, na kama mmea upo, kata tawi lenye jani na tunda ulitie kwenye mfuko, ili daktari asilazimike kukisia kama ni elda au ni kitu kingine.